Nilivyompeleka 'Bibi' kwetu Kisondela

Asubuhi ya safari Mama Watoto hakusema mengi. Alitoka ndani kajitanda kanga, mkononi kashika helmeti yake nyekundu, ile niliyomnunulia mwenyewe Kariakoo. Akaja mpaka pale nilipokuwa nafunga mizigo, akaiweka juu ya begi, akakaza mpira, akaitikisa mara mbili kuona kama inacheza.

"Hii usiirudishe," akasema. "Mwachie mtoto wa kaka yako huko huko Kisondela."

Kisha akaingia ndani.

Sasa wewe unayesoma unaweza kudhani ule ulikuwa ukarimu tu wa shangazi wa mjini kwa kijana wa kijijini. Thubutu! Nimefunga ndoa na yule mama tangu 1989, namjua hata anavyokohoa. Alichokuwa ananiambia ni kwamba yeye juu ya pikipiki ndo basi tena, na kwamba mwaka huu, nikirudi salama, tutakaa chini tuongee. Mimi nina miaka sitini na kitu. Goti la kushoto likisikia baridi linalia kama mlango wa choo cha shule.

Lakini safari ilikuwa imeiva, na Bibi alikuwa keshapashwa moto.

Bibi ni Honda XL 125, ya miaka ile ya mwanzo wa themanini. Nilimnunua 1994 kwa mtaalamu mmoja wa mradi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao Ulaya. Nampa jina la Bibi kwa sababu asubuhi kuamka ni shughuli. Utapiga kiki ya kwanza, ya pili, ya tano, utamsemesha, utamvuta choki, jasho litakutoka. Akishaamka sasa, hanyamazi mpaka usiku.

Kabla yake walikuwepo wengine. Wa kwanza ilikuwa 1985, Honda 110 niliyoipata kwenye mnada wa vitu chakavu, tangi limebonyea upande mmoja kama limepigwa kofi. Miaka ile, nyie vijana hamkuwepo, spea ilikuwa kama dhahabu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikauka kila kitu, na hata ruhusa ya kuagiza bidhaa kwa fedha zako mwenyewe ilipotoka 1984, watu walileta kwanza vitenge na redio, siyo cheni za pikipiki. Cheni yangu niliikata na kuiunga mpaka ikawa na viungo vya rangi tatu. Baadaye nikawa na Yamaha DT, ile inayokunywa oili na kutoa moshi wa bluu mpaka mkeo anajua umefika kabla hujakata kona. Nikawa na MZ ya Ujerumani Mashariki, chuma kizito kama mlango wa benki. Katikati hapo nilidanganyika na Vespa. Hiyo tusiizungumzie.

Wenzangu walijenga, wakaongeza vyumba vya uani, wakapangisha. Mimi pesa yangu nyingine iliishia kwenye plagi na kabureta, na likizo zangu zote ziliishia barabarani: Songea, Tanga, Mtwara kipindi barabara ya Kusini ikiwa ni ya kulala njiani, Kigoma mara moja na sirudii. Huu ugonjwa si wangu peke yangu duniani. Che Guevara mwaka 1952, kabla hajawa mtu wa kuchapwa kwenye fulana zenu, alitoka na rafiki yake Argentina kuzunguka Amerika ya Kusini juu ya Norton moja kuukuu ya sisi 500. Pikipiki ikawafia Chile. Bwana huyo huyo mwaka 1965 akapita kwetu Dar na Kigoma kwenda kupigana Kongo, safari hiyo akavuka Ziwa Tanganyika kwa boti. Kuna Mwingereza Ted Simon, aliondoka London 1973 na Triumph yake akazunguka dunia miaka minne. Na 2007 wale waigizaji wa Uingereza, Ewan McGregor na mwenzake Charley Boorman, walishuka toka Scotland hadi Cape Town kwa BMW kubwa, kamera nyuma, gari la msaada nyuma, wakapita Tanzania na Malawi.

Mimi nyuma yangu nilikuwa na helmeti ya mke wangu, dumu la lita tano na mfuko wa mikate.

Ngoja nikwambie kwa nini helmeti ni jambo zito nyumbani kwangu. Mwaka 1998, mvua zile za El Nino zikiwa zimeibomoa nchi nzima, nilikuwa nateremka Kitonga, peke yangu. Kona moja, lori limeharibika, wamemwaga oili barabarani. Nakumbuka nikimwona Bibi ananipita, yuko peke yake, anateleza kiubavu na taa inawaka. Halafu nakumbuka niko chini nahesabu vidole. Helmeti ilikuwa imepasuka toka juu mpaka sikioni, kama nazi. Mama Watoto hakuitupa. Iko mpaka leo juu ya kabati chumbani, imetazama kitanda. Kila nikiamka tunaonana.

Dar mpaka Mbeya ni kama kilometa 830. Sitakuchosha nayo. Mikumi unapita ndani ya hifadhi kilometa hamsini, na juu ya pikipiki unakuwa mpole kwa sababu nyati hajui kama wewe ni mtalii au ni chakula cha simba. Iringa nikalala. Siku ya pili baridi ya Mafinga na Makambako ikalishika goti, nikawa nasimama kila baada ya saa moja, natembea kulizunguka Bibi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Askari mmoja wa tochi alinisimamisha. Akaangalia spidi yake, akaniangalia mimi, akaniangalia tena. "Mzee," akasema, "wewe nimekusimamisha kwa heshima tu. Hiki chombo bado kinatembea?"

Uyole ndo utamu unapoanza. Ukitoka Dar unaiacha barabara kuu ya Zambia, unakata kushoto. Hapo uvae kila ulichonacho, maana kutoka Igawilo barabara inapanda, inapanda, mpaka unajikuta Isyonje umeingia ndani ya wingu. Si ushairi huu, ni wingu kweli, linakulowesha. Pembeni akina mama wamepanga viazi mviringo kwenye ndoo na hawakuoni mpaka umefika. Hapo ndipo panapoachana njia ya Kitulo, ile nyanda ya maua ambayo mwaka 2005 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Siku nyingine nitakupeleka.

Halafu unaanza kushuka. Mwenzangu, kama hujawahi kushuka Kiwira na pikipiki, mkono wa kushoto mlima Rungwe umevaa shuka lake la mawingu, mita 2,960 za kwenda juu, na mbele yako migomba haina mwisho, basi bado una deni na dunia. Gari haliwezi kukupa kile. Ndani ya basi kuna harufu ya basi. Juu ya pikipiki unanusa udongo uliolowa, unanusa moshi wa kuni, unanusa majani ya chai yaliyokatwa leo. Unaingia kwenye kivuli cha miti unasikia baridi shingoni, unatoka unasikia jua. Kila kijito unakijua kabla hujakiona, hewa inabadilika.

Njiani kuna vya kuona kama una siku za ziada. Kuna Daraja la Mungu, mwamba uliojilaza juu ya mto Kiwira bila fundi wala saruji, kazi ya volkano. Kuna Ziwa Masoko lililokaa ndani ya shimo la volkano, ambalo watu husimulia kwamba Wajerumani walitupa fedha zao humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nimekulia kwenye hiyo hadithi. Kila mtu ana mjomba aliyeokota sarafu na hakuna mjomba aliyetajirika.

Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Sisi wengine tunaijua kwa jambo kubwa zaidi: hapa ndo kwa Tukuyu Stars, vijana waliotoka mlimani mwaka 1986 wakabeba ubingwa wa Bara, Simba na Yanga wakabaki wanatazamana. Kuna wazee pale mjini ukiwagusia 1986 hutaondoka bila kununuliwa chai. Nilinunuliwa chai.

Mvua ilianza nikiwa bado na kikombe mkononi. Mvua ya Tukuyu si habari. Habari ni isiponyesha. Mwenye hoteli akaangalia matairi ya Bibi, akaniangalia mimi, akauliza naelekea wapi. Nikamwambia Kisondela. Akasema, "Leo?" Neno moja tu hilo.

Kutoka Tukuyu kwenda kwetu unaacha lami. Na ukishaacha lami, kila ulichojifunza miaka thelathini na tisa kinaulizwa upya. Udongo wa Rungwe ni wa volkano. Unaotesha kila kitu, chai, migomba, maparachichi, ukichomeka mwavuli unatoa majani. Ukinyeshewa unakuwa sabuni. Njia inakwenda juu ya mgongo wa kilima, ghafla inajitupa bondeni, inavuka kijito kwenye daraja la magogo, halafu inapanda ukuta wa upande wa pili. Kisha kilima kingine. Kushoto migomba, kulia migomba, katikati wewe na dhambi zako.

Kanuni naijua, nimewafundisha wengine: mteremko wa utelezi, gia ya kwanza, usishike krachi, breki ya mbele uisahau kama vile haipo, miguu yote nje. Nikaifuata. Mteremko wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa, nikaanza hata kupiga mluzi. Wa tatu, nguruwe akakatiza.

Vidole vikakumbuka breki ya mbele vyenyewe. Nikala mweleka wa polepole, ule wa aibu, ambao unapata nafasi ya kufikiria wakati unaanguka. Bibi akalala juu ya mguu, lile goti. Helmeti nyekundu ikachomoka kwenye mpira ikaanza kuviringika kuelekea kijitoni, inakwenda kwa raha zake. Nikaikodolea macho. Nikawaza: nikirudi Dar bila kuifikisha, bora nisirudi.

Ikasimamishwa na gambuti.

Juu ya gambuti alikuwepo kijana, na nyuma yake pikipiki, na juu ya pikipiki mama mmoja na mkungu wa ndizi. Kijana akaokota helmeti, akaifuta tope kwa kiwiko, akaja mbio.

"Mugonile, tata! Pole sana." Akamnyanyua Bibi kwa mkono mmoja, nami kwa mwingine. Ndipo akanitazama vizuri usoni. "Kha! Baba mdogo?"

Ndiye. Mtoto wa marehemu kaka yangu, mara ya mwisho nimemwona anamaliza darasa la saba. Sasa ana mabega. Shikamoo, marahaba, tukacheka, nikajifanya mguu hauumi. Yule mama wa ndizi hakushuka hata kidogo, alikuwa anatazama kama yuko sinema.

Alichofanya kijana baada ya hapo nakisimulia kwa hasara yangu mwenyewe. Alimpeleka kwanza mama yule juu, akarudi kwa mguu. Akatoa mfukoni kamba ya manila, akaizungusha kwenye tairi la nyuma la Bibi, anapitisha katikati ya spoku, fundo hapa, fundo pale, kama anafunga mzigo wa kuni. Akapanda. Bibi, ambaye kwangu huamka kwa kiki tano, akaamka kwa moja. Yule msaliti! Kijana akapanda nae ule ukuta amesimama wima, resi haipandi wala haishuki, tope linaruka nyuma kama cherehani inavyotupa uzi, akafika juu akaweka stendi. Mimi nilipanda kwa miguu nashika nyasi.

Kichwani hakuwa na kitu.

Pale juu, kwenye ule mzunguko mbele ya duka, ndipo mwaka 1971 niliona pikipiki kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka tisa. Alikuja nayo bwana shamba, Honda nyekundu, na kijiji kizima tukaikimbilia. Wazee walisema ni baiskeli yenye pepo. Alinipakia mbele, nimekaa juu ya tangi, toka kanisani hadi dukani, mita mia mbili labda. Joto la injini kwenye miguu mitupu, ile sauti piki-piki-piki ambayo hata jina lilitokea hapo. Niliposhushwa nilikuwa kiziwi na nilikuwa nimeharibika tayari. Mengine yote, mnada, Vespa, Kitonga, yalitoka kwenye zile mita mia mbili.

Siku zile pikipiki ilikuwa moja na ilikuwa ya serikali. Mgonjwa akizidiwa, wanaume sita walimbeba kwa machela mpaka Tukuyu, wanapokezana, usiku kwa usiku, na wengine hawakufika. Sasa hivi pale dukani nilihesabu pikipiki kumi na moja zimepangwa, Boxer, TVS na za Kichina, kila moja na mwavuli. Neno lenyewe bodaboda limetoka mbali, mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, enzi za baiskeli zilizokuwa zinavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kwetu serikali ilitunga kanuni za kuziruhusu kubeba abiria kibiashara mwaka 2010, na vijana walikuwa wameshaanza siku nyingi.

Jioni kwa shemeji tulikula mbalaga mpaka nikafungua mkanda. Nje wazee wawili walikuwa na chungu cha kimpumu na mirija yao, wakanikaribisha, nikavuta kidogo kwa heshima. Mvua juu ya bati, moto jikoni. Kijana akanipa hesabu ya maisha yake, sikumwomba, ilimtoka tu.

Pikipiki si yake. Ya mtu wa mjini, kwa mkataba. Anapeleka elfu saba kwa siku, siku sita za wiki, miezi kumi na minane, halafu ndo inakuwa yake. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya milioni 3.2, na kwa muda huo mafuta juu yake, matairi juu yake, pancha juu yake, na siku mvua ikifunga njia hesabu haifungwi. Alikuwa amebakiza miezi saba. Usiku wa Machi, akasema, alimpeleka mama mjamzito Tukuyu, mshikaki, mama katikati na mkunga nyuma amemshikilia, kwenye ule ule mteremko ulioniangusha mimi mchana. Mtoto alizaliwa salama. Wakampa jina lake yeye dereva.

"Na nauli?" nikauliza.

"Bado wananidai," akasema, akacheka. Alikosea, alitaka kusema anawadai.

Halafu akaacha kucheka. Akaniambia kuhusu mwenzao wa kijiweni, kijana wa rika lake. Aprili alikutana na gari konani. Yuko hai. Anakaa mbele ya nyumba kwao, anamjua mama yake, lakini maneno hayamtoki sawasawa. Anaanza kusema kitu halafu kinampotea. Kijiwe kizima kinachangishana kila Jumamosi.

"Alikuwa amevaa helmeti?"

"Elementi tunazo, baba mdogo," akasema, "tunaning'iniza pale kwenye usukani kwa ajili ya askari."

Sababu zao nazijua. Abiria akisema kitu humsikii. Inanuka. Inaleta joto. Joto, Tukuyu! Shemeji akiwa anaosha vyombo hakugeuka, lakini niliona mikono yake imesimama ndani ya maji.

Hapo nikaona saa yangu imefika. Nilikuwa nimeipanga hotuba toka Iringa. Nikakohoa. Nikamwambia mwanangu, mimi nimezeeka, mke wangu hataki tena, goti hili unaliona. Nimeamua Bibi abaki hapa. Kwa heri mkataba, kwa heri elfu saba, pikipiki ni yako, kadi nimekuja nayo. Kwa kweli sauti ilinitetemeka kidogo. Miaka ishirini na tisa nimekuwa nae, nikamwona ndani ya kichwa changu anapanda vile vilima na mtoto wa kaka yangu, nikaona na kaka yangu huko aliko anatabasamu.

Kijana akainamisha kichwa. Akanyamaza muda. Kisha akasema kwa adabu yote ya Kinyakyusa:

"Ndaga, baba mdogo. Ndaga sana. Lakini hiyo hapana."

Nikadhani sikusikia, kwa ajili ya mvua.

"Inakula mafuta," akasema. "Siti ni fupi, abiria wawili hawakai, na mkungu hauna pa kufungwa. Ikifa plagi hapa, nitaipata. Ikifa kitu kingine, spea mpaka Dar, au hakuna kabisa. Hiyo ni nzuri kwa..." akatafuta neno, "kwa matembezi."

Shemeji akamkaripia, eti ndivyo baba yako alivyokufundisha kumjibu mkubwa? Nikamwambia mwache, mwache. Yule kijana alikuwa sahihi tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na hilo ndo lilikuwa tatizo. Maisha yangu yote najiita mtu wa pikipiki. Nimevaa majaketi, nimepiga picha nimeegemea mlima. Na huyu, ambaye hajawahi kwenda mbali zaidi ya Mbeya mjini, kwa mwaka mmoja amepanda pikipiki saa nyingi kuliko mimi kwa kumi, wala hajawahi kuipanda kwa furaha tu. Nilimuuliza. Alifikiri kwa kweli kabla ya kujibu. Akasema ipo siku moja alirudi toka Tukuyu bila abiria, jua limetoka baada ya mvua, akapitiliza njia ya nyumbani, akaenda tu mbele, akageuza. "Niliunguza mafuta ya elfu mbili bure," akasema. Aliona aibu kama mtu anayekiri amekunywa.

Nikaenda kwenye begi, nikaleta helmeti nyekundu. Nikampa. Nikamwambia imetoka kwa mama yako mdogo, na nikamsimulia ile iliyoko juu ya kabati, kama nazi. Hii hakuikataa. Aliigeuza geuza, akapima kidole kwenye sponji, akaifunga na kuifungua kifungo chake. Shemeji alitoka jikoni anafuta mikono, akaichukua kwa mwanawe, akaitazama ndani na nje, akamrudishia bila neno.

Asubuhi niliondoka na Bibi. Kijana alikuwa ameshatoka, biashara ya asubuhi haisubiri wageni, lakini alikuwa ameniachia kamba ya manila imefungwa tayari kwenye tairi. Nilipanda vile vilima kama kijana. Kwenye lami nikaikata, nikaikunja nikaitia mfukoni.

Nilikuwa naweka mafuta Tukuyu, manyunyu yanaanza, nikasikia honi. Ni yeye, anatoka kwetu na abiria, bibi kizee mmoja kakumbatia kuku. Na kichwani kwa yule bibi, juu ya kilemba, imekaa helmeti nyekundu ya mke wangu, mkanda umefungwa vizuri kabisa chini ya kidevu. Bibi wa watu ametulia kama rubani. Kijana mwenyewe kichwa wazi, nywele zimelowa, ananipungia mkono na kucheka meno yote nje. Wakapita.

Nilisimama pale na kifuniko cha tangi mkononi mpaka mwenye pampu akanigusa bega. Simu ikalia. Mama Watoto, anataka kujua kama goti ni zima, na kama ile helmeti imepata wa kuivaa.

Nikamwambia imepata.